Mtoto Anayeugua Bila Kupumzika: Historia ya Kinga Tunayorithi



Leo tutazungumzia historia. Huenda ukajiuliza: historia inahusiana vipi na kikohozi cha mtoto wangu? Inahusiana sana. Kuna magonjwa ambayo daktari hawezi kuyafikiria mpaka aulize, "Je, katika ukoo wenu kuna mtoto mwingine aliyeugua hivi?" Mwenye jibu la swali hilo si daktari. Ni wewe, mama yako na nyanya yako.

Mada yetu ni upungufu wa kinga wa kurithi, yaani mtoto kuzaliwa na kinga ya mwili isiyokamilika. Ni magonjwa machache ukilinganisha na malaria au kuhara. Lakini nyumba ambayo yameingia huyajua vizuri.

Mama na kijitabu chake

Fikiria mama mmoja. Anaweza kuwa wa Runyenjes, wa Siakago, wa Nkubu au wa Maua. Mtoto wake wa kiume ana miezi 11. Miezi mitano ya kwanza alinawiri, akacheka, akaanza kukaa. Tangu hapo ni kama mlango wa ugonjwa umefunguliwa. Nimonia mara ya kwanza, akalazwa. Akapona. Sikio likatoa usaha. Akapona. Nimonia tena. Majipu. Nimonia mara ya tatu. Uzito unashuka, na mstari ule kwenye kijitabu cha kliniki unaelekea chini badala ya juu.

Majirani wameanza kunong'ona. Mmoja anasema ni UKIMWI. Mwingine anasema mtoto amelogwa. Mama mkwe anauliza kwa nini watoto wa mke huyu hawakai. Mama anapimwa, mtoto anapimwa, majibu yanatoka: hakuna virusi vya UKIMWI. Kila mtu anashukuru Mungu, na kwa haki. Lakini wiki tatu baadaye mtoto anapumua kwa shida tena, na mama yuko kwenye bodaboda tena, usiku, akimfunika na leso mbili.

Swali halijajibiwa. Kama si UKIMWI, ni nini?

Mara nyingi ni jambo la kawaida: lishe duni, kifua kikuu, moshi wa kuni jikoni, chanjo zilizorukwa, au pumu. Hayo yatazamwe kwanza. Lakini yakishaondolewa yote, na mtoto bado anaugua vikali mara kwa mara, kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatujawahi kulisikia. Tulisikie leo.

Kinga ni nini?

Mwili wa mtoto ni kama boma. Ngozi ni ua. Ndani ya damu kuna chembechembe nyeupe, ambazo ni walinzi wa boma. Walinzi hawa wana kazi tofauti. Wengine humeza viini papo hapo. Wengine hupiga mbiu na kuelekeza vita. Wengine hutengeneza kingamwili, yaani silaha maalum inayotoshea kiini kimoja tu. Na wengine hukumbuka: adui aliyekuja mwaka jana akirudi, wanamjua. Hivyo ndivyo chanjo inavyofanya kazi. Inawaonyesha walinzi sura ya adui kabla hajafika.

UKIMWI ni upungufu wa kinga unaopatikana baada ya virusi kuingia mwilini na kuwaua walinzi wale wanaoelekeza vita. Upungufu wa kurithi ni tofauti. Hapa hakuna virusi. Maagizo ya kuwatengeneza walinzi, tunayoyaita jeni, yana kosa tangu mimba ilipotungwa. Aina moja ya mlinzi haipo, au ipo lakini haijui kazi yake. Leo wanasayansi wanajua zaidi ya aina 450 za makosa hayo. Baadhi ni mepesi. Mengine humuua mtoto kabla ya mwaka wa pili asipotibiwa.

Na kwa nini mtoto wa mfano wetu alinawiri miezi mitano ya kwanza? Kwa sababu mama alimpa silaha zake mwenyewe. Katika miezi ya mwisho ya mimba, kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kuingia katika damu ya mtoto. Akiba hiyo huisha polepole, na kufikia karibu miezi sita mtoto anatakiwa kujitengenezea zake. Asiyeweza huanza kuugua hapo.

Kwa nini ilichukua muda mrefu kujulikana?

Hapa ndipo historia inapoanza. Magonjwa haya ni ya zamani, lakini hayakutambuliwa mpaka katikati ya karne iliyopita. Sababu yake ni ya kusikitisha. Kabla ya penisilini, mtoto wa namna hii alikufa kwa nimonia ya kwanza. Na kwa kuwa watoto wengi sana walikufa kwa nimonia, ulikuwa msiba kama misiba mingine. Hakuna aliyeweza kusema "mtoto huyu anaugua tena na tena," kwa sababu hakuishi kuugua mara ya pili.

Penisilini ilipoanza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1940, watoto hawa walianza kupona. Kisha wakarudi hospitalini. Wakapona tena, wakarudi tena. Sasa madaktari waliweza kuona kitu.

Mwaka 1950 madaktari wawili wa Uswisi, Glanzmann na Riniker, walieleza habari za watoto wachanga waliokuwa na utando mweupe mdomoni na kuhara kusikokoma, na ambao damu yao ilikosa kundi zima la chembechembe nyeupe. Hiyo ndiyo aina kali kuliko zote.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, daktari wa watoto katika jeshi la Marekani aitwaye Ogden Bruton aliandika kuhusu mvulana wa miaka 8. Katika miaka minne mvulana huyo alikuwa amepata maambukizi makali ya damu mara 19. Bruton aliipeleka damu yake kwenye mashine mpya iliyoweza kutenganisha protini za damu. Sehemu ya kingamwili ilikuwa tupu. Bruton akafanya jambo rahisi: kama mtoto hawezi kutengeneza kingamwili, tumpe za watu wengine. Akamdunga kila mwezi kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wazima wenye afya. Maambukizi yale makali yakakoma.

Mama, tafakari jambo hilo. Yule mtoto hakuwa dhaifu kwa tabia. Wala mama yake hakuwa mzembe. Alikosa kitu kimoja, na alipopewa, akawa mtoto kama wengine. Dawa hiyo bado inatumika hadi leo. Hutengenezwa kutokana na damu ya maelfu ya wachangiaji, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Wavulana wa upande wa mama

Madaktari walipoendelea kuuliza, waligundua mtindo. Katika familia nyingi, wagonjwa walikuwa wavulana peke yao. Na walipofuatilia ukoo, waliofariki walikuwa kaka za mama, wajomba zake, na watoto wa kiume wa dada zake.

Sababu ni hii. Baadhi ya jeni za kinga zimo katika kifurushi cha urithi kinachoitwa kromosomu X. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana moja tu, aliyopewa na mama. Mwanamke mwenye kosa katika X moja hujitosheleza kwa ile nyingine, kwa hiyo haugui na hata hajui. Lakini mwanawe wa kiume akirithi ile yenye kosa, hana ya akiba. Kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa mgonjwa. Kila mtoto wa kike ana uwezekano huo huo wa kubeba kosa bila kuugua.

Aina nyingine huhitaji kosa litoke pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Hapo kila mtoto, awe wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa mmoja kwa wanne. Aina hizi huonekana zaidi pale ambapo watu wa ukoo mmoja huoana. Hapa kwetu Meru na Embu, wazee walikataza kuoana ndani ya ukoo. Kabla ya posa waliuliza: "Nyinyi ni wa ukoo gani?" Hawakujua habari za jeni, lakini swali lao lilikinga watoto wengi.

Sikiliza neno hili kwa makini. Kusema kwamba kosa linapitia kwa mama si kusema kwamba mama amekosa. Hakuna aliyechagua jeni zake. Wakati mwingine kosa hutokea upya kwa mtoto mwenyewe, na halikuwahi kuwepo katika ukoo. Mwanamke asifukuzwe, asipigwe wala asiitwe mchawi kwa sababu hii. Na wewe mume, ukimwacha mkeo peke yake kwenye wodi ya watoto, umemwongezea mtoto ugonjwa wa pili.

Ndugu aliyetangulia humwokoa anayefuata

Mwaka 1968 mtoto wa miezi michache alipelekwa kwa Daktari Robert Good katika jimbo la Minnesota, Marekani. Alikuwa na ile aina kali. Familia yake ilikuwa imezika wavulana kadhaa wa upande wa mama. Safari hii waliwahi. Daktari Good alichukua uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa dada wa mtoto, akampa mtoto. Uboho wa dada ukaanza kumtengenezea mtoto walinzi wapya. Mtoto yule alikua hadi utu uzima. Huo ulikuwa miongoni mwa upandikizaji wa kwanza wa uboho duniani kufanikiwa.

Mtoto mwingine alijulikana dunia nzima. David Vetter alizaliwa Texas mwaka 1971. Kaka yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo huo akiwa na miezi saba, kwa hiyo wazazi na madaktari walijua hatari. Sekunde chache baada ya kuzaliwa, David aliwekwa ndani ya hema la plastiki lisilo na viini. Aliishi humo miaka 12. Mama yake hakuwahi kumgusa bila mpira wa glavu kati yao. Mwaka 1983 alipewa uboho wa dada yake. Ndani ya uboho huo mlijificha virusi ambavyo havikuwa vimemdhuru dada hata kidogo. Kwa David, asiye na walinzi, vilisababisha saratani. Alitolewa ndani ya hema, mama yake akamgusa kwa mikono mitupu kwa mara ya kwanza, na mwezi Februari 1984 akafariki.

Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr, na hapa hadithi inarudi nyumbani Afrika Mashariki.

Yaliyogunduliwa kwetu

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake waliona virusi ndani yake. Kwa hiyo virusi vilivyomuua David wa Texas vilijulikana kwanza kupitia watoto wa Afrika Mashariki. Ujuzi waliouacha umewasaidia madaktari kuwalinda watoto wengine wenye kinga dhaifu.

Hata mlima wetu una sehemu yake. Mwaka 1949 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford lilikuja kuuchunguza Mlima Kenya. Miongoni mwao alikuwa kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison. Yeye alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii. Aliona kwamba alama ya ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita sickle cell, ilikuwa ya kawaida pwani na karibu na Ziwa Victoria, na haba katika nyanda za juu kama zetu. Mwaka 1954 alitangaza sababu: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua.

Na selimundu hudhoofisha kinga. Huharibu wengu, kiungo kinachochuja bakteria kwenye damu. Watafiti wa Kilifi walilionyesha hilo waziwazi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza huko mwaka 1989. Kuanzia mwaka 1998 waliwapima damu watoto waliolazwa, wakitafuta bakteria. Matokeo waliyotangaza mwaka 2005 yaliwashtua wengi: bakteria kwenye damu walihusika na takriban robo ya vifo vya watoto hospitalini humo. Wakati huo wengi wetu tulidhani karibu kila homa kali ni malaria. Mwaka 2009 walionyesha kwamba mtoto mwenye selimundu alikuwa katika hatari ya kupata bakteria hao zaidi ya mara 20 kuliko asiye nayo. Aliyeongoza kwa kuwashambulia ni yule bakteria wa nimonia, yule yule aliyemsumbua mvulana wa Bruton.

Utafiti uliendelea. Mwaka 2016 wanasayansi waliochunguza jeni za watoto wa Kenya walitangaza kwamba tofauti fulani ndogo ya urithi huongeza maradufu hatari ya bakteria wa nimonia kuingia kwenye damu. Mwaka 2018 walitangaza nyingine inayohusu bakteria aina ya salmonela. Tofauti hizi si ugonjwa kamili kama ule wa David. Lakini zinatujibu swali la zamani la kina mama: kwa nini watoto wawili hula chungu kimoja, hulala kitanda kimoja, mmoja akaumwa vibaya na mwingine akapona kwa chai ya tangawizi? Sehemu ya jibu imo katika damu yao.

Watoto hawa dhaifu pia wananufaika na chanjo ya mtoto wa jirani. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimonia kwa watoto wote mwaka 2011. Huko Kilifi, ugonjwa mkali unaotokana na aina za bakteria zilizomo ndani ya chanjo hiyo ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Bakteria akikosa pa kukaa, hata asiyeweza kujilinda hupona.

Dalili za kuangalia

Mwaka 1986 familia ya Modell ya New York ilimpoteza mwanao Jeffrey, wa miaka 15, kwa ugonjwa wa aina hii. Mwaka uliofuata wazazi wake walianzisha shirika kwa jina lake, ambalo lilisambaza duniani orodha ya dalili kumi. Hizi hapa zile unazoweza kuziona mwenyewe nyumbani:

- Nimonia mara mbili au zaidi katika mwaka mmoja.
- Maambukizi ya masikio mara nne au zaidi katika mwaka mmoja.
- Dawa za kuua bakteria kwa miezi miwili au zaidi bila nafuu.
- Mtoto kutoongezeka uzito wala kukua inavyotakiwa.
- Majipu makubwa ya ngozi au ya ndani yanayorudi.
- Utando mweupe mdomoni usioisha.
- Maambukizi yasiyopona mpaka dawa ya mshipa.
- Ndugu au jamaa aliyekuwa na upungufu wa kinga, au watoto wa ukoo waliofariki wakiwa wachanga kwa maambukizi.

Kumbuka: mafua ya kila mwezi kwa mtoto anayeanza shule ya chekechea si dalili. Watoto hupata mafua. Tunazungumzia magonjwa makali, yanayorudi, yanayomlaza.

Ufanye nini?

Kwanza, tunza kijitabu cha kliniki kama kitambulisho. Kila mtoto akilazwa, hakikisha imeandikwa tarehe, ugonjwa na dawa. Ukienda hospitali nyingine, kibebe. Daktari anayemwona mtoto kwa mara ya kwanza huona nimonia moja. Kijitabu ndicho kitakachomwonyesha kwamba hii ni ya nne.

Pili, kaa na mama yako na nyanya yako, uwaulize. Tuna desturi nzuri ya majina. Kariuki ni aliyefufuka. Njoki ni aliyerudi. Majina yetu huwakumbuka wazee waliotangulia. Lakini mtoto aliyefariki kabla ya kuachishwa ziwa mara nyingi hatajwi tena, kwa sababu inauma. Uliza kwa upole: "Mama, je, ulikuwa na kaka aliyefariki mdogo? Aliumwa nini?" Andika majibu. Hicho ni kipimo cha kwanza, na hakina malipo.

Tatu, kubali kupimwa virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na selimundu. Usiseme "sisi wa huku juu hatuna selimundu." Vijana wetu siku hizi wanaoa na kuolewa kila pembe ya nchi. Yote yakiwa sawa na mtoto bado anaugua, usiishie hapo. Uliza: "Daktari, je, inaweza kuwa kinga yake?" Omba aangalie hesabu ya chembechembe nyeupe, ni kipimo cha kawaida. Kisha omba rufaa kwa mtaalamu wa watoto katika hospitali kubwa ya Embu au ya Meru, ambako anaweza kutumwa Nairobi kwa vipimo zaidi.

Nne, chanjo. Hapa nisikike vizuri. Usiache chanjo kwa hofu ya mazungumzo haya. Kwa watoto karibu wote, chanjo ndiyo ngao. Lakini chanjo chache, kama ile ya kifua kikuu inayodungwa mkononi baada ya kuzaliwa na yale matone ya polio, zina viini vilivyo hai vilivyodhoofishwa. Mtoto asiye na walinzi kabisa anaweza kudhuriwa navyo. Kwa hiyo kama uliwahi kupoteza mtoto mchanga kwa maambukizi yasiyoeleweka, mwambie muuguzi kabla mtoto huyu mpya hajachanjwa. Na kidonda cha chanjo kikikataa kupona, au uvimbe ukitokea kwapani, rudi hospitalini.

Tano, usimpeleke mtoto kukatwa kimeo wala kung'olewa "meno ya plastiki." Kwa mtoto mwenye kinga dhaifu, wembe ule unaweza kuwa mwisho. Endelea kumnyonyesha kama muuguzi alivyokushauri, nawa mikono, na umtoe jikoni penye moshi.

Tumaini, na ukweli

Hatutakudanganya. Kingamwili za kudunga ni ghali. Upandikizaji wa uboho ni ghali zaidi, na familia nyingi za Afrika Mashariki hulazimika kusafiri nje. Tiba ya kurekebisha jeni yenyewe ilijaribiwa kwa msichana wa miaka minne huko Marekani mwaka 1990, kisha kwa wavulana wa Ufaransa, matokeo yakitangazwa mwaka 2000. Baadhi ya wavulana hao walipona, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya damu, ikabidi wanasayansi watafute njia salama zaidi. Kazi inaendelea.

Lakini kuna mambo yasiyo ghali. Dawa ya kuzuia bakteria inayotolewa kila siku, matibabu ya mapema, chanjo zinazofaa, na daktari anayejua jina la ugonjwa: hayo peke yake huongeza miaka. Na kuna jambo moja mnalolijua tayari. Mwaka 2008 jimbo la Wisconsin, Marekani, lilianza kuwapima watoto wote wachanga kwa ile aina kali, na kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote 50 yalikuwa yakifanya hivyo. Wanatumia nini? Tone la damu la kisigino lililokaushwa kwenye karatasi. Kina mama wengi wa hapa wameliona tone hilo. Ndilo linalochukuliwa kwa mtoto wa wiki sita ambaye mama yake ana virusi vya UKIMWI. Hapa Kenya kipimo cha kinga ya kurithi bado si cha kila mtoto. Lakini karatasi tunaijua, na kisigino tunacho. Nchi huanza kupima ugonjwa pale wananchi wanapoujua na kuuliza.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tusiyafiche haya. Mtoto aliyetangulia, tukimtaja, anaweza kumwokoa anayefuata.

Msomee mwenzako asiyejua kusoma.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Upungufu wa kinga wa kurithi unatofautianaje na UKIMWI?
2. Kwa nini mtoto mwenye tatizo hili anaweza kuonekana mzima hadi karibu miezi sita?
3. Katika ukoo wako, ni nani anayekumbuka watoto waliofariki wachanga? Utamuuliza lini?
4. Jirani akimlaumu mama wa mtoto anayeugua kila mara, utamwambia nini?